Beseni la Costancia na Kanuni ya Tone

Jumatatu, 25 Novemba 1974

Mkutano wa kijiji asubuhi. Nimefedheheshwa mbele ya kaya zote za Tujikaze, na kibaya zaidi Kasian, yule mwenye ng'ombe wa plau, alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Habari yenyewe ni hii. Trekta letu halijawaka tangu msimu uliopita. Si kosa lake, wala si kosa langu. Ni trekta la kizee, tulilipata kutoka shamba la mkonge, na lina matangi mawili: dogo la petroli ya kuwashia, kubwa la mafuta ya taa ya kulimia. Likiwa baridi halitaki mafuta ya taa hata ulibembeleze. Unaliwasha kwa petroli, injini ikishapata moto unageuza koki, ndipo linakubali. Mafuta ya taa yapo dukani kwa Mwanakheri. Petroli haipo. Dunia nzima inalia petroli, na Tujikaze nayo imo duniani.

Mwenyekiti wetu, Mzee Onesphory, akasema kijiji hakiwezi kula injini. Akasema Kasian ana maksai wawili, Azimio na Bidii, wameshafundishwa plau, wanakula majani na hawana koki. Tarehe tisa, sikukuu ya Uhuru, Bwana Shamba anakuja kutoka Kilosa. Trekta lisipolima siku hiyo mbele yake, linarudishwa wilayani, na mimi nakabidhi hendeli.

Hendeli! Kile chuma cha kuzungushia injini! Miaka mitatu kinalala chini ya kitanda changu. Watoto wakiniona nacho begani wananifuata. Bila hendeli mimi ni nani? Ni Melkizedek wa jembe la mkono, kama Melkizedek mwingine yeyote. (Hapa kijijini hakuna Melkizedek mwingine, lakini hoja inaeleweka.)

Nikasimama, nikaahidi kwamba tarehe tisa trekta litalima. Mtu mmoja akapiga kofi. Kumbe alikuwa anaua inzi.

Jumatano, 27 Novemba

Mikumi. Nimerudi na ushindi, ingawa mguu mmoja umechubuka.

Nilidandia lori la mbao alfajiri, jogoo kwapani. Kituo cha mafuta kina foleni mpaka barabara kuu. Nikamweleza mtu wa pampu kwamba mimi ni dereva wa trekta la kijiji cha ujamaa. Akauliza trekta liko wapi. Nikasema limebaki nyumbani kwa kuwa halina petroli. Akauliza kibali kiko wapi. Nikasema kibali kinatoka Kilosa, na Kilosa hawatoi kibali kwa trekta lisilowaka. Akamwita mwenzake aje asikilize, nikarudia toka mwanzo. Walifurahi sana. Petroli hawakunipa.

Mwisho nikampata dereva mmoja wa wageni wa mbugani, amepaki pembeni anakula mihogo ya kukaanga. Mtu wa huruma, tena mpenda kuku. Jogoo akaenda kwake, kidumu cha petroli kikaja kwangu. Si kikubwa. Kinatosha kuwasha trekta mara tatu, nne ukibahatika.

Jogoo alikuwa wa mke wangu. Nimemwambia Costancia jogoo katoroka. Akauliza ni jogoo wa namna gani anatoroka na kamba ya viatu vyangu miguuni. Kutembea na kiatu kisicho na kamba ndiko kulikouchubua mguu.

Mtu wa kawaida angekificha kidumu hiki mpaka tarehe tisa, akawasha, akalima, akapigiwa makofi, basi. Mimi si mtu wa kawaida. Mimi nina wazo.

Ijumaa, 29 Novemba

Wazo ni hili. Nikiichanganya petroli na mafuta ya taa, na mseto huo ukakubali kuwaka injini ikiwa baridi, kidumu kimoja kinakuwa viwili. Viwili vinamaliza msimu. Kijiji kinasahau kwamba Azimio na Bidii walipata kuzaliwa.

Lakini fundi hachanganyi kama mpika pombe. Fundi huchunguza. Kwenye mafunzo ya wiki moja kule Morogoro, mwalimu alitueleza kwamba kabureta huyarusha mafuta yakawa matone madogo kama umande, na kwamba tone haliungui likiwa majimaji. Lazima lipate joto, ligeuke mvuke kwanza, ndipo liwake. Wiki nzima nilisinzia, lakini hapo nilikuwa macho. Basi injini yote ni tone moja lililorudiwa mara nyingi. Ukilijua tone, umeijua injini. Injini ya kuchezea sina. Kikaango cha Costancia kipo.

Nikakibandika motoni, nikachovya bua kwenye petroli, nikadondosha tone.

Nyusi ya kushoto imekwenda.

Somo la kwanza la sayansi: epua kikaango kwanza.

Mara ya pili nikakiepua, nikakipeleka mbali na mafiga, nikaendelea. Tone la petroli: halikungoja hata nilitazame vizuri. Chwii, halipo. Tone la mafuta ya taa: likatulia, likatetemeka, likawa kama linafikiri, likapungua taratibu na kuacha doa la kung'aa. Sasa mseto. Hapa nilipiga kelele hadi Costancia akachungulia. Tone la mseto lilianza kupungua upesi kama petroli, halafu likasita. Likabadili mwendo. Likamalizia kama mafuta ya taa!

Nimelirudia mpaka mkono ukafa ganzi. Ni vilevile kila mara. Kumbe hawatoki pamoja! Ni kama mkutano wetu wa kijiji: vijana wanachomoka kabla ya ajenda ya tatu, wazee wanabaki mpaka Mengineyo. Na ukija mwishoni ukitazama waliobaki, utadhani kijiji hiki hakina kijana hata mmoja.

Nimeiita Kanuni ya Tone, nikaiandika ukutani kwa mkaa, herufi kubwa: CHEPESI HUTANGULIA, KIZITO HUBAKI. Costancia akauliza ukuta umekosa nini. Nikamwambia siku moja watu watatoka Dar es Salaam kuja kuusoma. Akasema wakija waje na chokaa.

Jumapili, 1 Desemba

Janga dogo. Costancia alikaangia vitumbua kwenye kikaango kilekile. Sikumwambia. Nilikuwa nimekifuta kwa majani ya mgomba, nikaona kimetakata.

Baada ya ibada akawakaribisha Mzee Onesphory na mkewe. Mwenyekiti akauma kitumbua, akatafuna, akasita kutafuna, akaendelea kwa adabu. Ni mtu wa misheni, amelelewa kumaliza chakula cha watu. Akauliza unga umetoka wapi. Costancia akasema Magole, kwa dada yake. Mwenyekiti akasema unga wa Magole siku hizi umekuwa na nguvu. Halafu akatoa kiko chake akataka kukiwasha. Mkewe akamshika mkono.

Costancia akanitazama. Mimi nikaitazama picha ya ukutani.

Walipoondoka sikupigiwa kelele. Nilipewa sahani yote ya vitumbua vilivyobaki, nikaketishwa, na yeye akaketi mkabala wangu mpaka nikamaliza. Hadi jioni hii nikicheua najiogopa.

Hata hivyo kuna elimu ndani yake. Mafuta ya taa yalibaki kwenye kikaango siku mbili, petroli haikubaki hata harufu. Chepesi hutangulia! Kanuni imethibitishwa na tumbo la Mwenyekiti mwenyewe.

Jumanne, 3 Desemba

Siku kubwa ya sayansi. Siku mbaya ya mambo mengine.

Mwenyekiti amekwenda Kilosa kwenye kikao. Akaniachia usimamizi wa shamba la pamoja, kwa kuwa, alisema, ni mimi peke yangu nisiye na kazi. Watu wote wakaja na majembe. Nikawatazama. Vijana wepesi, wazee wazito. Nikaona si wakulima tena. Nikaona tone!

Maana kuna jambo lilikuwa linanisumbua. Joto linaanzia kwenye ngozi ya tone. Ndani je? Ile petroli iliyo moyoni inatokaje? Kwenye kikaango huwezi kuona. Kwa watu unaona.

Nikawapanga. Vijana wakafunga jani mkononi: hao ni petroli. Wazee bila jani: mafuta ya taa. Nikawachanganya, nikawabananisha duara moja lililoshikana. Bibi Raheli akasema hakuacha mtama wake ukiliwa na ndege aje kuwa mafuta. Nikamwomba kwa heshima zote, nikampigia na shikamoo ya pili. Akaitikia marahaba, akakubali kuwa mafuta ya taa, ila ya kukaa.

Mimi nikawa moto. Nikazunguka duara na hendeli begani. Sheria: niliyemgusa bega, kama ni petroli, anatoka papo hapo kwenda zake, amekuwa mvuke. Kama ni mafuta ya taa, hatoki mpaka nimguse mara nyingi. Walio ndani wajipenyeze wenyewe mpaka kwenye ngozi.

Ilipendeza mno! Vijana wa pembeni wakachomoka kwa shangwe. Baada ya hapo ngozi yote ikawa wazee. Vijana wa katikati wakanaswa! Wanasukuma, wazee hawasogei. Mtu mzima mwenye jembe hasogezwi ovyo. Akitoka mzee mmoja, kijana mmoja anapenya, anaruka nje, amekwenda. Basi nimegundua. Petroli ya moyoni hutamani kutoka, lakini lazima ingoje njia mpaka kwenye ngozi. Nikaruka juu kwa furaha. Bibi Raheli akauliza kama nimeumwa na siafu.

Nilipogeuka kuwaita vijana turudie, hapakuwa na kijana. Nilisema waende zao, na wao wakaenda zao. Wengine mtoni, wengine mpirani, mmoja nimeambiwa alipanda basi la Ruhembe kumsalimia mchumba. Nikamuuliza Kasian, aliyekuwa mafuta ya taa safu ya pili, wamekwenda wapi. Akasema wamekuwa mvuke, si ndivyo nilivyotaka?

Mwenyekiti alirudi mchana, akakuta wazee peke yao wanalima kwenye jua, na mimi nimechuchumaa nachora duara mavumbini.

Alhamisi, 5 Desemba

Adhabu. Nalima sehemu ya vijana wote, peke yangu, kwa jembe la mkono. Jana na leo. Viganja vimetoka malengelenge. Mwenyekiti amesema kwa upole kwamba tarehe tisa ikipita bila trekta kulima, jembe hili nilizoee, maana ndilo nitakalokuwa nalo.

Niliogopa. Naandika wazi, kwa kuwa Costancia hasomi shajara yangu, anasema maisha yenyewe yanamtosha. Niliogopa kweli. Baba yangu alilima kwa jembe mpaka mgongo ukapinda. Siku niliyopewa hendeli alikuja kutoka mlimani kwa miguu, akaishika, akaipima uzito, akasema sasa anaweza kufa. Hajafa, namshukuru Mungu. Lakini siwezi kwenda kumwambia kwamba nimeirudisha.

Kasian akapita na ng'ombe wake. Akanipa pole ya kazi. Akasema akizunguka mara chache tu na plau kipande changu kitakwisha, nami nipumzike. Nikakataa. Najua mbinu zake. Anataka niwe na deni la fadhila.

Akasema haya, akaniachia kibuyu chake cha maji. Nikayanywa, lakini kwa dharau.

Jumamosi, 7 Desemba

LIMEWAKA!

Nilichukua kikombe cha petroli na kikombe cha mafuta ya taa, nikachanganya kwenye chupa, nikatia kwenye tangi dogo palepale. Nikazungusha hendeli. Kimya. Nikazungusha tena. Likakohoa. Mara ya tatu likanguruma! Kuku wakatawanyika, watoto wakaja mbio, Mwanakheri akafunga duka aje kuona. Lilinguruma kidogo, mseto wa tangini ukaisha, likazima. Machozi yalinitoka. Nilisema ni moshi.

Mwenyekiti alinishika mkono mbele ya watu. Kasian pia. Akasema hongera sana, ndugu yangu, na uso wake ulikuwa umechangamka kabisa. Huyo mtu ni hatari.

Sasa maandalizi ya Jumatatu. Fundi mdogo angemimina mseto kwenye tangi na kunyamaza. Lakini mgeni rasmi hawezi kuona kilichomo ndani ya tangi. Lazima uvumbuzi uonekane. Utawekwa mezani, mbele ya wageni, kwenye kitu cheupe na kipana ili rangi yake ionekane hata na walio nyuma. Halafu mgeni rasmi atausifu, nitaumimina kwa mkono wangu, nitazungusha hendeli, litanguruma.

Costancia ana beseni jeupe lenye maua, pana, alilopewa na shangazi yake siku ya arusi. Halijawahi kutiwa kitu zaidi ya maji ya kunawa wageni. Nimeomba. Amekataa. Nimeomba kwa jina la Uhuru. Amesema Uhuru una mabeseni yake. Nimeahidi jogoo mpya, na chokaa ya ukuta. Amekubali, lakini macho yake yalikuwa yanasema maneno mengine.

Jumatatu, 9 Desemba — Sikukuu ya Uhuru

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa sababu zitakazojulikana mbele.

Alfajiri nilichanganya kidumu chote cha petroli na mafuta ya taa kiasi hichohicho. Sikubakiza hata tone. Nikaujaza mseto kwenye beseni, nikauweka mezani, nikapanga maua pembeni. Ulipendeza kama mchuzi wa arusi. Nimeuita Mseto wa Uhuru.

Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi. Mgeni rasmi ni mgeni rasmi. Jua likapanda. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikarudia. Ngoma ikachezwa. Meza ilikuwa juani kwa sababu kivuli chote kilikuwa cha viti vya wageni. Mwanakheri, aliyekaa karibu, akasema harufu inampanda kichwani. Mke wa Mwenyekiti akahama kiti. Costancia akaja kuninong'oneza kwamba afadhali nifunike kitu hicho. Nikamwambia hiyo ni harufu ya maendeleo, watu waizoee.

Bwana Shamba Lazaro akafika mchana, gari lake lilipata pancha. Tukampigia makofi. Ikasomwa risala. Risala ya kijiji chetu ni ndefu, maana kila aliyeombwa kuiandika aliongeza shida yake. Halafu shairi la watoto wa shule. Halafu kwaya tena, kwa sababu ilikuwa haijaimba mbele yake.

Ndipo nikaitwa. Nikaeleza Kanuni ya Tone. Nikaeleza ngozi na moyo wa tone, petroli inavyotangulia, mafuta ya taa yanavyobaki. Bwana Shamba alisikiliza kwa makini sana, akatikisa kichwa, akasema hajapata kusikia jambo kama hilo kwa mkulima. Nilikuwa mbinguni. Nikaliinua beseni. Nikaliona jepesi kuliko alfajiri. Nikadhani ni nguvu za furaha.

Nikamimina. Nikazungusha. Kimya.

Nikazungusha tena. Kimya. Watu wakaanza kunihesabia kwa sauti, moja, mbili, kama mazoezi ya mgambo. Nikavua shati. Nikazungusha kwa hasira, hendeli ikarudi kinyume, ikanirusha, nikatua juu ya plau ya Kasian. Kwa makalio.

Bwana Shamba akachovya kidole kwenye mabaki ya beseni, akanusa, akamnusisha Mwenyekiti. Akasema haya ni mafuta ya taa matupu. Mwenyekiti akasema ndiyo, anaijua ladha yake.

Trekta lilikuwa limeziba njia ya kuingilia shambani. Azimio na Bidii wakafungwa minyororo, wakalivuta pembeni taratibu, bila jasho, watu wakiwaimbia. Halafu wakalima.

Nimekabidhi hendeli. Mwenyekiti aliipokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu cha marehemu. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 10 Desemba

Kasian! Amebadilisha petroli yangu alfajiri, nani mwingine? Nikaamka na hoja hiyo, nikaifurahia mpaka chai. Costancia akasema alfajiri yote Kasian alikuwa hapa uani, ananisaidia kubeba meza, na mimi nilikuwa namfuata kama kivuli.

Basi nikatafakari. Nikiwa nimelala kifudifudi, macho yakaangukia ukutani. CHEPESI HUTANGULIA, KIZITO HUBAKI.

Lo!

Petroli haikuibwa. Ilitangulia! Ilitoka mbele ya macho yangu, wakati wa kwaya, na Mwanakheri akainusa ikiondoka. Nilidhani kanuni ya tone ni ya tone. Beseni ni nini kama si tone lililonenepa? Mimi niliyeandika kanuni hii ukutani, niliyeila kwenye vitumbua, niliyewatawanya vijana wa kijiji kizima kuithibitisha, nikaenda kuianika petroli juani kama mtu anayeanika mpunga. Nimecheka mpaka makalio yakauma. Mpumbavu wa wilaya nzima. Kilosa haina mwingine.

Jioni kikao. Nilikwenda kusikiliza hukumu ya trekta nikiwa nimesimama, kukaa siwezi. Bwana Shamba alilala kijijini, na yeye alikuwepo. Nani akaomba kusema? Kasian. Akasema maksai wawili hawawezi kumaliza shamba lote kabla ya mvua kubwa. Akasema mwaka huu watu wa Tujikaze ni wengi kuliko mwaka jana, wengine wamehamia juzi hawana hata ghala. Trekta likirudi Kilosa, nusu ya shamba italala, na nusu ya watu watalala njaa. Akaomba libaki. Akasema Melkizedek analijua kuliko mtu yeyote, kosa lake ni kwamba anajua na mengine.

Bwana Shamba akakubali. Atakwenda Mikumi na kibali chake mwenyewe, ataleta galoni moja ya petroli. Moja tu, ya kuwashia msimu mzima. Hakuna nyingine mpaka mwakani. Ikipotea hiyo, trekta linakwenda, na sehemu ya shamba isiyolimwa kijiji kitaijibia chenyewe.

Nililia. Safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Lakini kwa nini Kasian anafanya haya? Nalifuatilia jambo hili.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimerudishiwa hendeli, iko tena chini ya kitanda. Niliamka alfajiri kuigusa.

Galoni imefika leo asubuhi. Mwenyekiti aliileta mwenyewe. Akanipa maagizo mbele ya Costancia: petroli iende kwenye tangi dogo na kopo la akiba, nisichanganye na kitu chochote, nisiipeleke kwenye kikaango, nisiieleze kwa watu. Nikasema ndiyo, shikamoo Mzee. Akasema marahaba, halafu akasimama mlangoni kitambo, akinitazama kama mtu anayemwachia fisi mtoto mchanga.

Asiwe na wasiwasi. Mimi wa leo si yule wa Jumatatu. Nimekaa siku mbili nalichambua kosa langu, na nimelipata mpaka mzizi. Tuseme ukweli: petroli ilikimbia. Ilimkimbia nani? Mafuta ya taa! Ilitiwa chombo kimoja na kitu kizito, chenye harufu, kisichoelewana nayo, ikaona bora iondoke. Hata vijana wale walikuwa wanawakimbia wazee. Kosa lilikuwa mseto. Petroli ikiwa peke yake, safi, na wenzake watupu, itamkimbia nani? Kanuni yenyewe inasema chepesi hutangulia. Lazima kuwe na kizito cha kutangulia. Penye chepesi kitupu hakuna wa kutangulia wala wa kubaki. Wote hubaki!

Nimeongeza hayo ukutani, chini ya yale ya zamani. Costancia amekwenda kuuliza bei ya chokaa.

Kwa hiyo sichanganyi kitu. Nimetii kila neno. Ila Mwanakheri alitaka kopo lake la galoni, lililoletewa petroli, lirudi asubuhi hiihii, makopo yameadimika. Na petroli iliyotikiswa kwenye gari njia nzima kutoka Mikumi haifai kutiwa tangini ingali imechafukwa. Lazima itulie kwanza, uchafu uzame. Ndiyo maana nimeimimina kwenye beseni la Costancia, pale uani, mahali peupe nitakapoiona nikiwa dirishani naandika. Nimeiacha wazi ili nzi akitua nimwone.

Jua zuri leo. Kasian amepita na Azimio na Bidii, akasimama, akanusa, akauliza kwa sauti kama nina hakika. Nikamwambia akalime. Ana wivu, sasa naona wazi. Alitetea trekta ili aje aharibu baadaye.

Harufu imejaa ua mzima, imefika hadi kwa jirani, mtu anakohoa huko. Harufu kali, tamu. Petroli safi hujulikana kwa harufu yake, na hii ni safi kweli, maana inazidi. Nikimaliza ukurasa huu nitakwenda kuimimina kwenye tangi. Ukurasa bado mrefu, na nina mengi ya kuandika kuhusu subira.

Costancia amerudi. Ananiita kutoka uani. Anauliza nani kaipunguza petroli ya kijiji.

Kasian! Nilijua tu.